Mali ya Nyumba na Jina la Mume: Historia ya Haki za Mke katika Tarime na Serengeti

Waswahili husema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi dukani, baina ya mtu na mdeni wake. Walakini yafaa pia kuwa mlango wa kuingilia katika habari ninayokusudia kuieleza hapa, yaani historia ya mali ya mke katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Katika nchi ile mke alikuwa na mali kabla ya daftari kuja. Mali hiyo haikuitwa kwa jina lake mwenyewe bali kwa jina la nyumba yake, na mashahidi wake walikuwa watu wenye kumbukumbu. Daftari lilipofika, mwandishi aliuliza jina la mwenye mali, akaambiwa jina la mume. Tangu hapo mali ya nyumba ikaanza kupotea, si kwa kukosa daftari, bali kwa kuwa daftari lenyewe halikuwa na safu ya kuiandika.

Nayasema haya mapema kwa sababu zipo hadithi mbili zilizozoeleka, nazo zote mbili hazitoshi. Ya kwanza husema ya kuwa mwanamke wa Kikuria hakuwa na kitu, alinunuliwa kwa ng'ombe kama bidhaa, na sheria za kisasa ndizo zilizomtoa gizani. Ya pili husema ya kuwa mila zilimpa kila heshima, na kwamba wageni ndio walioharibu. Anayeifuata ya kwanza hawezi kueleza kwa nini mume wa zamani, mwenye ng'ombe wengi zizini, aliweza kukatazwa na wazee kuwagusa ng'ombe wa nyumba fulani. Anayeifuata ya pili hawezi kueleza kwa nini mke huyohuyo, akiachwa au kufiwa, aliweza kutoka mikono mitupu. Hatuna budi kuyaangalia mambo yenyewe.

Wakuria wanakaa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, kwa maana mpaka ule ulichorwa juu ya ramani na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya mwaka 1886, bila kuwauliza wenyeji. Upande wa Tanzania wengi wao wamo Tarime, na wengine wamevuka Mto Mara na kukaa Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, wakipakana na Wangoreme na majirani wengine. Zamani hawakuwa na mtawala mmoja. Waligawanyika katika sehemu zilizoitwa ibiaro, kama vile Watimbaru, Wanyabasi, Wairege na Wanchari, na mambo yao yaliamuliwa na wazee, marika, na baraza la siri liitwalo inchama. Ndiyo kusema sheria yao ilikaa vinywani mwa watu. Hapakuwa na hakimu wa kuajiriwa wala kitabu cha hukumu.

Katika mji wa Mkuria mwenye wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake. Hapa neno nyumba lisichukuliwe kwa maana ya kuta na paa tu. Nyumba ni mama na watoto wake, pamoja na mashamba anayoyalima, ghala lake, na ng'ombe waliotengwa kwa ajili yao. Wanataaluma wa elimu ya jamii wameutambua mpango huu katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki na Kusini, ambamo mali hufuata nyumba ya mama ijapokuwa ukoo hufuata baba. Mume alikuwa mkuu wa mji mzima, lakini mji ule ulikuwa na vyumba vya mali visivyofunguliwa kwa ufunguo mmoja.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika habari ya ng'ombe wa mahari, ambao kwa Wakuria walijulikana kuwa wengi kuliko wa majirani zao wengi. Tuchukue mfano wa mtu mwenye wake wawili. Mke mkubwa ana binti na mvulana. Mke mdogo ana wavulana watupu. Binti akiolewa, ng'ombe wake huingia katika zizi la baba yake, lakini ni ng'ombe wa nyumba ya mke mkubwa, nao wamewekwa kwa ajili ya ndoa ya ndugu yake wa tumbo moja. Baba akiwachukua ili amwozeshe mwana wa mke mdogo, au ili ajiolee mke wa tatu, basi nyumba iliyopokea inadaiwa na nyumba iliyotoa. Deni hilo halikufa kwa kufa kwa baba. Liliweza kulipwa kizazi cha pili, binti wa nyumba iliyodaiwa alipoolewa. Aliyelikumbuka zaidi ya wote alikuwa mama mwenye nyumba, kwa kuwa mwanawe ndiye angekosa mke kama likisahauliwa.

Kwa hiyo haki ya mke ilikuwa haki ya kweli, wala haikuwa hisani ya mume. Hata hivyo yafaa tuipime kwa uangalifu. Katika mali mtu aweza kuwa na haki tatu: haki ya kushika, haki ya kutumia, na haki ya kutoa. Mke wa Kikuria alikuwa na haki ya kushika na kutumia. Ya kutoa hakuwa nayo, au alikuwa nayo kwa kupitia mwanawe tu. Hakuweza kumwuza ng'ombe wa nyumba yake kwa shauri lake peke yake. Alipotaka kuachana na mume, ilimlazimu baba yake au ndugu zake kurudisha ng'ombe, na mara nyingi ng'ombe hao walikwisha kutumiwa kumwolea ndugu yake. Hivyo uhuru wa dada ulifungwa katika ndoa ya kaka. Watoto walibaki na waliotoa ng'ombe. Mume akifa, mjane alitazamiwa kukaa na ndugu wa marehemu, na watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa marehemu, ili nyumba isifungwe. Neno kuu katika haya yote ni nyumba, wala si mke. Mke alilindwa kwa kadiri alivyokuwa mlango wa nyumba.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote wa nguvu ya nyumba, na wa udhaifu wake, ni ile ndoa inayojulikana huko Mara kwa jina la nyumba ntobhu. Mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe wa nyumba yake, kwa mfano wale waliotokana na ndoa za binti zake, huwatoa ng'ombe hao kumwolea nyumba yake msichana. Msichana huyo huwa mkamwana katika nyumba isiyo na mwana, na watoto atakaowazaa kwa mwanamume aliyekubaliwa huhesabiwa kuwa wajukuu wa nyumba ile, wairithi. Sisi tunaofundisha Kiswahili twajua ya kuwa katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na mwanafunzi akiandika "mwanamke ameoa" mwalimu hupiga mstari mwekundu. Katika Tarime sentensi hiyo ni sahihi, nayo hueleza tendo la mali.

Ndoa hii imeandikwa na wengi kama kioja, na wengine wameifananisha na mambo ambayo sivyo yalivyo. Mwanahistoria aitazame kwa jicho jingine. Inathibitisha ya kuwa nyumba ilikuwa na mali yake ambayo ndugu za mume walizuiwa kuichukua maadamu nyumba ina mtu, na ya kuwa mwanamke mwenyewe aliweza kusimama mahali pa mwoaji ili kuitetea. Lakini inathibitisha pia ya kuwa mali ile haikuweza kukaa mikononi mwa mwanamke kwa ajili yake tu. Ilihitaji mtoto wa kiume, na asipozaliwa ilibidi atafutwe. Tena aliyetafutiwa kazi hiyo alikuwa msichana, mara nyingi wa nyumba maskini, ambaye hakuwa na sauti katika kuchaguliwa kwake wala katika kuchaguliwa kwa baba wa watoto wake. Haki ya mwanamke mmoja ilijengwa juu ya mgongo wa mwingine. Anayeisifu mila hii asikisahau kisa cha huyo wa pili.

Watawala wa kigeni walipokuja waliyatazama mambo haya kwa macho ya kwao. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya, katika shauri la Amkeyo, ilikataa kuihesabu ndoa ya Kiafrika kuwa ndoa kamili. Jaji Mkuu Hamilton aliona ya kuwa yafanana zaidi na kumnunua mke. Yafaa tukumbuke ya kuwa katika nchi ya majaji hao wenyewe, mpaka Sheria ya Mali za Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882, mke alipoolewa mali yake kwa kawaida iliingia katika mamlaka ya mume, wala hakuweza kuishika kama mtu mwenye nafsi yake mbele ya sheria. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani yetu alikuwa na haki ya kumiliki mali yake binafsi karne nyingi kabla ya hapo. Na mke wa Kikuria, ambaye ng'ombe wa nyumba yake hawakuweza kuchukuliwa bila kuacha deni, naye alikuwa na kinga ambayo mke wa Kiingereza wa mwaka 1850 hakuwa nayo.

Hapa lugha nayo ilitatiza. Kiswahili kina neno moja, mahari, lililotoka katika Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali anayopewa mke mwenyewe, nayo ni yake. Katika Tarime neno hilohilo lilitumiwa kwa ng'ombe wanaokwenda kwa baba na ndugu za mke, tena kwa ndoa ya ndugu yake. Karani wa pwani aliyeandika neno mahari katika kumbukumbu za baraza, na ofisa wa Kiingereza aliyelifasiri kuwa bei, wote wawili walikuwa mbali na maana ya Kikuria, ambayo ilikuwa kifungo kati ya nyumba na nyumba. Neno lililokosewa katika tafsiri huweza kumnyima mtu haki mahakamani.

Chini ya Waingereza, Amri ya Tanganyika ya mwaka 1920 iliziagiza mahakama ziongozwe na sheria za wenyeji katika mashauri ya wenyeji, maadamu hazipingani na haki na maadili kwa kadiri watawala walivyoyafahamu. Watu ambao hawakuwa na machifu walipewa machifu, na mabaraza yao yakaanza kuandika. Kisha ikaja haja ya kuijua hiyo sheria ya wenyeji ni ipi. Aliyepewa kazi kubwa katika jambo hili alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya Tanganyika. Aliandika juu ya Wahaya, Wasukuma, na wengine wengi. Na juu ya sheria na desturi za Wakuria aliacha maandishi ya mwaka 1945. Njia yake ilikuwa kukutana na watawala na wazee na kuwauliza desturi. Njia hiyo ilimpatia mengi, na bila yake tungekuwa maskini wa habari. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa aliyeshika hesabu ya madeni ya nyumba alikuwa mama, na mama hakuwa mjumbe wa baraza.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka kuwa na sheria moja ya mila kwa makabila yote yanayofuata ukoo wa baba, badala ya sheria mia. Cory alifariki mwaka 1962, na kazi aliyoifanya ikatangazwa mwaka 1963 katika amri mbili za Tangazo la Sheria za Mila, moja juu ya mahari, ndoa na talaka, nyingine juu ya ulinzi wa watoto, urithi na wosia. Zilikusudiwa kuenea kwa kupitia mabaraza ya wilaya. Katika amri ya urithi warithi waligawanywa madaraja matatu: daraja la kwanza mwana mkubwa wa nyumba ya kwanza, la pili wana wengine wa kiume, la tatu mabinti. Ardhi ya ukoo mwanamke aliruhusiwa kuitumia maisha yake, asiiuze, isipokuwa pakikosekana mwanamume katika ukoo. Mjane hakupewa fungu katika urithi ikiwa marehemu aliacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Msomaji atazame lililotokea. Neno nyumba limebaki katika amri hiyo, lakini limebaki kwa kuhesabia vyeo vya wana wa kiume. Ulinzi wa mama juu ya mali ya nyumba, na deni la nyumba kwa nyumba, ambavyo ndivyo vilivyompa mke nguvu, havikusimama humo kama haki ya mtu awezaye kushtaki. Yule mwana mkubwa aliyepewa fungu kubwa zamani alipewa pamoja na mzigo wa kuwatunza wote. Amri ilimhakikishia fungu kwa karatasi, na mzigo ikauacha katika dhamiri yake. Ndivyo mila iandikwavyo nusu: ile nusu iliyo rahisi kuandikwa huwa sheria, na ile nusu iliyokaa katika makamio na aibu za watu hubaki kuwa adabu tu.

Wakati huohuo mali yenyewe ilikuwa ikibadilika. Ng'ombe ana rangi, ana mama, ana historia. Kila mtu mjini ajua aliingia kwa ndoa ya nani. Shilingi haina kumbukumbu hiyo. Kahawa ilipopandwa katika vilima vya Tarime, mke aliitunza na kuivuna, na malipo yakapokelewa na yule ambaye jina lake limeandikwa. Wakati wa vijiji vya ujamaa, katika miaka ya sabini, watu walihesabiwa kwa kaya, na kila kaya ikaandikwa kwa mkuu wake. Neno kaya likachukua mahali pa neno nyumba. Lakini kaya ya mwenye wake watatu ilikuwa moja, ilhali nyumba zake zilikuwa tatu. Na dhahabu ya Nyamongo ilipoanza kuchimbwa na makampuni makubwa katika miaka ya 2000, shamba lililolimwa na mke liligeuka kuwa fidia, nayo fidia hutafuta jina kabla ya kutafuta jasho.

Basi tuje katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, baada ya serikali kutoa mapendekezo yake hadharani mwaka 1969. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa mtu wa mkoa huohuo wa Mara. Julius Nyerere alizaliwa Butiama katika mji wa Mtemi Burito, aliyekuwa na wake wengi, na mama yake, Mugaya, alikuwa mmojawapo. Alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, kati ya 1943 na 1945, aliandika insha akizitumia hoja za Mwingereza John Stuart Mill juu ya kutawaliwa kwa wanawake kuipima hali ya wanawake wa Kizanaki. Kwa hiyo isisemwe ya kuwa mawazo ya sheria ile yalikuwa mageni kabisa kwa nchi ya Mara. Mmoja wa watoto wake alikwisha kuyapima kwa mizani ya nyumbani kwao.

Sheria hiyo ilibadili mengi. Kifungu cha 56 kilimpa mke haki sawasawa na mwanamume ya kupata mali, kuishika na kuitoa, na ya kufanya mapatano, kushtaki na kushtakiwa. Zile haki tatu nilizozitaja, kushika, kutumia na kutoa, zikakutana kwa mara ya kwanza katika mkono wa mke. Kifungu cha 57 kiliwaweka wake wa mume mmoja katika daraja sawa. Kifungu cha 59 kilimzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenziwe. Kifungu cha 68 kilimwacha mjane huru kukaa apendapo na kuolewa na ampendaye, au kutoolewa kabisa. Na kutotimizwa kwa desturi za mahari hakukuwa tena sababu ya kuibatilisha ndoa.

Hata hivyo kifungu cha 60 kilisema ya kuwa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vingine. Katika nchi ambayo kwa miaka hamsini kila daftari lilikuwa limeandikwa jina la mume, kanuni hiyo, ijapokuwa haikutaja mume wala mke, ilijua njia ya kwenda. Sheria ilimpa mke haki ya kuwa na daftari lake, lakini ilimkuta bila kalamu.

Kinga ilikuwa katika kifungu cha 114, kinachoiruhusu mahakama, ndoa inapovunjika, kugawanya mali waliyoichuma wote wawili kwa juhudi zao. Mahakama hutakiwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, mila za jamii yao, na mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Je, kupika, kulea na kutunza mji ni kazi? Kwa miaka kumi na zaidi majaji wa Mahakama Kuu hawakuwa na kauli moja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua ya kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kuzitumia vibaya fedha alizopewa na mume kwa ajili ya shughuli ya jamaa. Lakini kanuni iliyowekwa kwa jina lake imewafaa wengine wengi. Hivyo katika historia ya sheria yetu mwanamke aliyeshindwa ndiye aliyewafungulia mlango wenziwe.

Ni hapa ninapotaka kuweka hoja yangu. Kifungu cha 114 kinaitaja mila. Mawakili wengi wa upande wa mke huiogopa sehemu hiyo, kwa kuwa hudhani mila itasema mali yote ni ya mume. Na ikiwa mila ni ile iliyoandikwa mwaka 1963, hofu yao ina sababu. Lakini mila ya Tarime na Serengeti, ikisomwa kamili, husema ya kuwa mume hakuwa na mamlaka ya kugusa ng'ombe wa nyumba bila kuacha deni. Hakimu aijuaye mila hiyo atauliza swali lingine: ng'ombe hawa waliingia kwa nyumba ipi, na shamba hili lilikuwa la nyumba ipi? Akiuliza hivyo, mila itakuwa shahidi wa mke. Marehemu mila haikumpa mke kila kitu, lakini isisingiziwe ya kuwa haikumpa chochote. Barthazar Rwezaura, mwanasheria wa Kitanzania aliyechapisha mwaka 1985 kitabu juu ya sheria ya jamaa na mabadiliko yake kwa Wakuria, ametuonyesha ya kuwa mila hiyo haikusimama mahali pamoja, bali ilivutwa na fedha, na soko, na mahakama zenyewe.

Upande wa ardhi hatua zilifuatana. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, ambako rufani za Mara nazo zilikuwa zikipelekwa, aliamua katika shauri la Ephrahim na Pastory, lililotoka Buhaya, ya kuwa mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo aweza kuiuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema wazi ya kuwa mwanamke ana haki sawa ya kupata na kushika ardhi, na ya kuwa mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Tena katika baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, watatu wawe wanawake. Yule mama ambaye hakuwa mjumbe wa baraza mwaka 1945 sasa alipewa kiti.

Katika urithi, hata hivyo, mambo yalikwenda polepole. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, iliyoombwa na wajane wawili kuzifuta kanuni za urithi za 1963, ilikiri ya kuwa kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, iliamua ya kuwa haki za wajane hao zilivunjwa. Hivyo ikatokea hali ya ajabu: mke aliyeachwa aliweza kudai mchango wake kwa hukumu ya 1983, ilhali mke aliyekaa na mumewe mpaka mauti akakabiliwa na kanuni ya kuwa fungu lake ni kutunzwa. Kifo kilimnyang'anya alichopewa na talaka. Na yule mama wa nyumba ntobhu alibaki nje kabisa, kwa kuwa sheria ya 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Mkamwana aliyemwoa, pamoja na watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo, hawana mahali pa kusimama isipokuwa mbele ya wazee walewale wenye mila ambayo nusu yake imesahauliwa.

Kwa hiyo naona ya kuwa historia hii haikuwa safari ya kutoka gizani kwenda nuruni. Ilikuwa safari ya kutoka haki ya nyumba kwenda haki ya mtu mmoja mmoja, na wanawake wengi waliangukia katikati: nyumba imekwisha kuwapoteza, na jina lao bado halijaandikwa. Haki ya mtu ni bora, kwa maana haimtaki mwanamke azae mwana ndipo awe na kitu. Sipendekezi turudi nyuma. Lakini anayevuka mto hapaswi kuchoma mtumbwi kabla ya kufika ng'ambo.

Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wetu ni ya kukusanya. Wako bado kina mama wazee Tarime na Mugumu wanaoweza kutaja, nyumba kwa nyumba, ng'ombe waliotoka na ng'ombe waliodaiwa katika ndoa za babu zao. Maelezo hayo yakiandikwa kwa Kikuria na kufasiriwa kwa Kiswahili sahihi, yatafaa kwa isimu na kwa historia. Yatafaa zaidi kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, ambaye lugha yake ya kazi ni Kiswahili, na ambaye asubuhi moja ataletewa mjane na shemeji yake wakigombania shamba. Siku hiyo shemeji atakuwa na karatasi. Yafaa mjane naye awe na daftari lake.